Usitupe

Jumanne moja, wiki tano zilizopita, nilimpigia kelele mwanamke wa umri wa mama yangu katikati ya soko la Wakulima hapa Nakuru.

"Usitupe!"

Watu waligeuka. Kijana wa mkokoteni akasimamisha viazi vyake. Mama Njeri, anayeuza vitunguu meza tatu kutoka kwa Mama, alikuwa ametia mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa kipande cha gazeti kilichosokotwa. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili, visivyo na jina wala maandishi yoyote. Alikuwa anaelekea navyo kwenye rundo la majani ya kabichi nyuma ya meza. Nilikuwa nimetoka kumsimulia yaliyompata Mama. Nilikuwa nimemwambia dawa ile ni hatari. Naye, kwa kuniamini, akaamua kuachana nayo saa hiyo hiyo.

"Si wewe umesema ni sumu, Nafula?"

Ni mimi niliyesema. Na ni mimi niliyekuwa nimemshika kiwiko asiitupe.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Pale sokoni, watu wametukodolea macho, nilikosa maneno ya kueleza kwa nini kitu kibaya hakiachwi siku ile ile unapogundua ubaya wake. Leo nataka kuyatafuta.

## Magoti ya Mama

Ukisimama miaka 23 kwenye saruji ukiuza sukuma wiki na dania, magoti hayawezi kunyamaza. Mama alienda kliniki mara nyingi, na kila mara alirudi na parasetamoli na ushauri wa kupunguza uzito. Mara ya mwisho aliambiwa ni umri. Hakwenda tena.

Kisha akaja muuzaji mwenye kipaza sauti karibu na stendi ya matatu. Dawa ya magoti, ya mgongo, ya kiuno, ya ganzi ya miguu, yote mitishamba mitupu. Shilingi 300 kwa wiki mbili.

Siku ya tatu Mama aliinuka kitandani bila kushika ukuta.

Jumapili iliyofuata alipiga magoti kanisani. Nilikuwa kando yake. Kwa miaka sita au saba alikuwa akibaki kwenye benchi wengine wakishuka, akiinamisha kichwa tu. Siku hiyo alishuka taratibu, akatulia, akanitazama kwa pembe ya jicho kama mtoto aliyepata kitu. Siwezi kuisema vibaya dawa ile bila kwanza kuitaja Jumapili hiyo.

Yaliyofuata tuliyaona yote, tukayaita baraka. Hamu ya chakula ilirudi. Mashavu yakajaa, uso ukawa wa mviringo. "Mama Nafula, umenona! Watoto wanakutunza," wateja walimwambia, na sisi watoto tukafurahia sifa hizo. Nyuma ya shingo nyama ikajikusanya, huku mikono na mapaja yakikonda, mambo mawili ambayo hayakupatana na ambayo hakuna aliyejiuliza. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Akijigonga kidogo kwenye meza, doa la zambarau lilikaa wiki nzima. Presha ikapanda, akaanzishiwa vidonge vya presha. Hospitalini hakuulizwa anameza nini kingine, naye hakutaja. Kwa fikra zake, na zangu pia, mitishamba haikuwa dawa ya kutajwa mbele ya daktari.

Miaka miwili ikapita hivyo.

## Mkebe wa majani ya chai

Oktoba mwaka jana, nikiwa kwenye matatu kutoka Njoro, nilimsikia mfamasia akizungumza redioni. Alisema baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo huwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za hospitalini zinazozima uvimbe na maumivu kwa haraka. Akataja dalili za kuzitumia muda mrefu: uso wa mviringo, nyama nyuma ya shingo, ngozi nyembamba inayovilia damu, presha, sukari, mifupa kudhoofika.

Alikuwa anamchora Mama bila kumjua.

Jumapili ile nilikwenda nyumbani, Free Area, nikapekua. Nilivikuta kwenye mkebe wa majani ya chai, pakiti nne. Tulibishana, ingawa sauti iliyosikika hadi kwa jirani ilikuwa yangu peke yangu. Mama alisema neno moja tu:

"Hayo unayotupa ni magoti yangu."

Nilivitupa kwenye choo cha shimo nyuma ya ploti, nikamwagia ndoo ya maji. Nilirudi ndani nimeosha mikono, moyo umetulia kabisa, nikiamini nimemwokoa mzazi wangu.

Yule mfamasia alieleza vizuri sana kwa nini dawa hizo zinadhuru. Sikumsikia akisema kinachotokea ukiziacha ghafla. Pengine alisema. Mimi nilishukia Section 58 kabla kipindi hakijaisha.

## Siku ya tisa

Siku ya tatu viungo vyote vilianza kumuuma. Magoti, ndiyo, lakini pia mabega, vifundo vya mikono, mgongo, hata taya. "Unaona?" aliniambia kwenye simu. Siku ya tano chakula kilimshinda. Siku ya saba akaanza kuhara na kutapika.

Siku ya nane tulikuwa kliniki ya mtaani. Waliuliza anatumia dawa gani, nikajibu ni ya presha tu, na siku hiyo lilikuwa jibu la kweli. Wakapima damu, wakasema ni malaria na taifodi, wakamwekea dripu. Dripu ilimwinua, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, nami nikashukuru.

Asubuhi ya tisa nilimkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka mwili mzima. Aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki.

Katika hospitali ya pili presha yake ilisoma 70 kwa 40. Sukari ilikuwa 2.6. Vyote viwili vilikuwa chini mno. Afisa wa kliniki aliyekuwa zamu alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Hakuanza na maswali. Alimtazama Mama usoni kwa muda, akainua mkono wake, akaligusa doa la zambarau kwa kidole gumba. Kisha akanigeukia.

"Mama ameacha dawa gani siku za karibuni?"

Ameacha. Hilo ndilo neno ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitumia.

Nikamwambia yote, mbele ya wagonjwa na wauguzi, mpaka choo. Nilingoja kukemewa. Lakini yeye alishageuka, anamwagiza muuguzi: toa damu kwanza, chupa mbili, halafu haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa sasa hivi, maji ya chumvi lita moja ndani ya saa ya kwanza, na glukosi. Nikauliza kama hatusubiri majibu ya maabara. Akasema majibu yatatukuta njiani, mgonjwa wa namna hii hasubirishwi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Saa tisa alasiri Mama alifungua macho, akauliza kama kuna uji.

Nimeuguza watu wengi katika familia yetu, na sijawahi kuona dawa ikimrudisha mtu namna ile. Nilipouliza ni dawa ya aina gani, kijana yule alijibu kwa upole, bila kunificha: "Ni steroidi."

## Mtoto wa mgongoni

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo, kama kofia, uzito wake gramu nne au tano hivi. Tezi hizi mbili huitwa tezi za adrenali. Kati ya yanayotengenezwa na maganda yake ni homoni iitwayo kortisoli, inayopanda alfajiri kabla hujafumbua macho na kushuka kabisa usiku wa manane. Kortisoli hushikilia presha isianguke na sukari isiishe. Ukipata homa, ajali au upasuaji, tezi zenye afya huongeza kiasi hicho mara kadhaa bila wewe kujua. Asiyekuwa nayo anaweza kuuawa na kuhara ambako jirani yake angepona kwa chai ya rangi.

Tezi haziamki zenyewe. Huamrishwa na tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Pituitari hupima kortisoli iliyomo kwenye damu. Ikiwa imepungua, hutuma amri. Ikiwa inatosha, hunyamaza. Na steroidi za kumeza zinafanana mno na kortisoli. Kwa miaka miwili pituitari ya Mama ilikuta damu imejaa, haikuwa na sababu ya kuamrisha chochote, na tezi zilizokosa amri kwa muda huo wote zikanywea.

Mimi ninaandika hivi kwa sababu nimesoma. Mama alielezwa vizuri zaidi. Daktari wa kliniki ya homoni alivuta kiti, akamuuliza:

"Mama, umewahi kubeba wajukuu mgongoni?"

"Wote sita."

"Sasa mtoto uliyembeba miaka miwili bila kumshusha hata siku moja, ukifungua leso na kumwacha katikati ya barabara kuu ya Nairobi, atatembea?"

Mama akafikiri. "Atakaa chini alie. Na lori linakuja."

"Lori ni kule kuhara kwako."

Mama akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile ya choo niliona haniangalii kwa uchungu. Ni mimi niliyefungua leso. Sikujua barabara iko pale.

Maumivu ya siku ya tatu nayo yalipata maelezo yake. Mwili uliozoea steroidi ukinyimwa ghafla huuma kila mahali, hata mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa. Fikiria maana yake kwa mama wa soko. Anaacha dawa, anaumwa kuliko mwanzo, anarudi kwa muuzaji mbio akiamini amepata ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Sijui njia nyingine ya biashara inayomfunga mteja kwa kamba ngumu hivyo.

Kwenye benchi la kliniki ile tulikaa mara mbili na kijana kutoka upande wa Molo, mkulima wa viazi. Wake nao ulikuwa upungufu wa kortisoli kama wa Mama, lakini umeingilia mlango mwingine. Tezi zake zenyewe zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Alitufungulia mdomo bila haya: ufizi wake ulikuwa na mabaka meusi kama wino, na mistari ya viganja vyake vilevile. Pituitari yake ilikuwa ikipiga kelele mchana na usiku kwa tezi zisizosikia, na homoni hiyo ya amri inapofurika huamsha pia rangi ya ngozi. Kwa watu weusi kama sisi weusi huo unapita bila kuonekana usipoutafuta kwenye ufizi, ulimi, viganja na makovu mapya. Alitueleza kwamba kabla ya kugunduliwa alikuwa akiramba chumvi ya ng'ombe zizini kwa siri, kwa hamu asiyoweza kuieleza, na nyumbani walianza kunong'ona kuwa amerogwa. Alikuwa anapoteza chumvi kwenye mkojo, kwa sababu tezi zikifa hupotea pia aldosteroni, homoni inayoizuia chumvi mwilini. Mama hakupata hamu hiyo wala weusi huo. Aldosteroni yake haingoji amri ya pituitari, na pituitari yake ilikuwa kimya.

Kijana yule anameza dawa mbili, ya kortisoli na fludrokotisoni ya kushika chumvi, na atazimeza maisha yake yote. Alipokuwa kwenye matibabu ya kifua kikuu ilibidi dozi ya kortisoli iongezwe, maana rifampisini huifanya iishe mwilini upesi.

Kifua kikuu kwenye tezi hizi si jambo jipya. Mwaka 1855 daktari wa London, Thomas Addison, aliandika juu ya wagonjwa 11 waliodhoofika na kubadilika rangi, na walipopasuliwa baada ya kufa tezi zao zilikutwa zimeharibika, kadhaa kwa kifua kikuu. Kwa karibu karne moja baada yake, kulitambua tatizo kulikuwa sawa na kutangaza kifo. Kotisoni, steroidi ya jamii moja na kortisoli, ndiyo iliyobadilisha mambo, na mwaka 1950 Kendall, Reichstein na Hench walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizi. John F. Kennedy aligunduliwa na ugonjwa wa Addison mwaka 1947, na alikuwa nao hadi Ikulu ya Marekani. Hilo lilimgusa Mama kuliko nilivyotarajia. Anamjua Kennedy kama mtu ambaye wakfu wa familia yake ulilipia ndege za wanafunzi wetu mwaka 1960, enzi za Tom Mboya. "Kumbe naye alikuwa anameza kila asubuhi," alisema. Akaongeza kijiko cha sukari kwenye chai.

## "Ile ile mliyonitupia"

Kabla ya hapo, lakini, kulikuwa na wiki mbaya.

Majibu ya damu ile ya asubuhi ya tisa yalirudi: kortisoli mikrogramu 1.2 kwa desilita. Mtu aliye katika hali kama yake alipaswa kuwa na zaidi ya 18. Daktari akamwandikia prednisoloni miligramu 5, kila asubuhi, baada ya kula. Haidrokotisoni ya vidonge ndiyo inayofanana zaidi na kortisoli ya mwili, lakini tulizunguka maduka ya dawa ya Kenyatta Avenue tukaikosa, na prednisoloni inafanya kazi hiyo.

Mama aliuliza dawa hii ni ya jamii gani. Daktari hakumdanganya.

"Kwa hiyo ile ile mliyonitupia chooni," Mama alisema, "sasa mnaniandikia kwa kalamu."

Sikuwa na jibu. Na ukweli ni kwamba nilikuwa upande wake. Nilikuwa nimesoma usiku kucha kuhusu mifupa inayovunjika na macho yanayoingia mtoto wa jicho, na kila asubuhi nilipomwekea kile kidonge cheupe kwenye kiganja nilihisi namlisha mwenyewe kile nilichomnyang'anya. Hivyo nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu nje ya nyumba yetu hadi leo.

Nilikikata. Siku nne nilimpa nusu.

Siku ya nne aliinuka kutoka kwenye kiti, akayumba, akashika pazia. Lilipong'oka ukutani nililia kabla ya yeye kuanguka. Hakuanguka. Nilimpa ile nusu nyingine papo hapo na kesho yake nilikuwa mlangoni kwa daktari kabla hajafungua.

Aliniambia jambo ambalo ningetamani lingeandikwa kwenye kila pakiti. Miligramu 5 za prednisoloni zinakaribia kiasi ambacho mwili wa mtu mzima hujitengenezea wenyewe kwa siku. Madhara yale yote niliyoyasoma huletwa na kinachozidi mahitaji ya mwili, na katika vidonge vya sokoni hakuna aliyejua kilichozidi ni mara mbili au mara kumi. Dozi hii inafukia shimo mpaka usawa wa ardhi. Ukikata nusu kabla tezi hazijaamka, umeacha shimo wazi na mgonjwa anapita juu yake.

Nimeendelea kulitafakari hilo. Nilikuwa nimeigawa dunia kati ya dawa nzuri na dawa mbaya, na nilihitaji kuigawa kwa swali lingine: mwili huu, leo, unahitaji kiasi gani?

Sasa tunashuka ngazi moja baada ya nyingine. Kila baada ya miezi michache Mama hupimwa damu asubuhi kabla ya kumeza, saa 24 tangu kidonge cha jana. Chini ya 5, tezi bado zimelala, endelea. Kati ya 5 na 10, zinajinyoosha, subiri upime tena. Juu ya 10, zimeamka. Mwezi wa Machi alikuwa 3.4. Julai alikuwa 6.8, na tulinunua nyama siku hiyo. Wengine huchukua mwaka au zaidi. Wengine tezi zao hazirudi kabisa. Daktari alitueleza yote mawili siku ya kwanza, na nilimheshimu kwa hilo.

Magoti? Magoti yanauma. Ana mazoezi anayofanya akiwa amekaa kitandani, ana mafuta ya kuchua, ana kigoda kirefu cha kukalia sokoni ambacho fundi wa Bondeni alimtengenezea. Kanisani amerudi kwenye benchi. Kuna Jumapili ninamwona akiitazama sakafu, na ninajua anawaza nini.

## Chungwa

Muuguzi alinifundisha kudunga sindano kwa chungwa. Unalishika, unasukuma sindano wima, unahisi ganda likikubali. Nilifanya mara kumi mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Haidrokotisoni ya miligramu 100 sasa iko kwenye kabati la vyombo, na bomba lake, na kila tarehe mosi ya mwezi naangalia kama muda wake haujaisha. Haijatumika.

Kanuni zenyewe nimezibandika ukutani juu ya jiko kwa maandishi makubwa. Homa ikipanda, dozi inaongezwa mara mbili, na homa kali mara tatu, mpaka ipoe, kisha inarudishwa ya kawaida. Akitapika kidonge, apewe kingine. Akitapika tena, au akihara mfululizo, sindano kwenye paja na safari ya hospitali, usiku au mchana, bila kungoja kupambazuke. Akienda kung'oa jino au kupasuliwa, daktari aambiwe kabla. Na asiache hata siku moja kwa sababu dawa imeisha na duka limefungwa.

Mwezi wa Julai, baridi ile ya Nakuru inayoshuka kutoka Menengai ilimletea mafua na homa ya 38.6. Nilisimama mbele ya ule ukuta saa nne usiku, nikasoma, nikampa dozi mbili. Mkono wangu wa zamani ulitaka kupunguza. Siku tatu, homa ikaisha, tukarudi chini.

Ana kadi pia, tuliyoiandika kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili: mwenye kadi hii anategemea steroidi, akizimia au akitapika adungwe haidrokotisoni miligramu 100 mara moja. Anaifunga kwenye ncha ya leso pamoja na noti zake. Boda boda anayempeleka sokoni ameisoma. Jirani wa ploti ameisoma.

## Meza ya vitunguu

Mama aliporudi sokoni kwa nusu siku, aliniambia yule mwenye kipaza sauti bado yupo, na kwamba anawajua wanawake wanne pale sokoni wanaomeza vidonge vyake. Ndiyo sababu nilikwenda ile Jumanne. Nilikuwa nimejipanga. Nilianza na uso wa mviringo, nikaja kwenye ngozi, presha, mifupa. Nilisema sumu. Nilisema kwa ukali, kwa kuwa nilikuwa na hasira ya mwaka mzima.

Nilianza, yaani, pale pale alipoanzia yule mfamasia.

Ningeweza kuanzia kwingine. Ningesema: shangazi zangu, kama umemeza dawa hii kila siku kwa wiki tatu, nne au zaidi, usiitupe na usiinyamazie. Ifunge, uipeleke hospitalini pamoja na wewe, useme umeimeza muda gani na mara ngapi kwa siku, na usitoke bila kuambiwa utaiacha vipi. Ni vivyo hivyo kwa anayepaka krimu kali za kujichubua mwili mzima kwa miaka, na kwa mwenye pumu aliyejizoesha kununua steroidi za kumeza bila cheti. Na kama daktari amekuandikia steroidi kwa ugonjwa wako, endelea nazo kama alivyosema, wala simulizi yangu isikutishe.

Mama Njeri alikwenda. Alhamisi ile ile nilimsindikiza, na lile gazeti lililosokotwa likiwa kwenye kikapu. Daktari alilifungua, akasema bila maabara hawezi kuapa kilichomo, lakini uso wa Mama Njeri umeshamwambia vya kutosha. Kapimwa, kaanzishiwa dozi inayojulikana, atashuka polepole kama Mama. Wengine wawili wamekubali kwenda.

Wa nne ndiye anayeninyima usingizi.

Alikuwa anauza ndizi karibu na lango. Alisimama nyuma ya wengine nilipokuwa nikizungumza, amejishika kiuno, anaitikia kwa kichwa kila nilipotaja dalili. Mteja akamwita, akaenda. Aliondoka nikiwa bado kwenye neno sumu. Nilipompigia Mama Njeri kelele, yeye hakuwepo kusikia.

Nimerudi kila Jumanne. Nafasi yake kuna msichana anayeuza parachichi. Wanasema aliugua, wengine wanasema alikwenda kwao upande wa Kitale kwenye mazishi. Simu aliyompa Mama haipatikani.

Uso wake ni wa mviringo, mikono ina madoa ya zambarau, na alikuwa akilalamika magoti. Kama ni mama yako, au shangazi yako, au jirani aliyefika kutoka Nakuru wiki chache zilizopita na haamki vizuri asubuhi, tafadhali muulize kama aliitupa.